Mwalimu Asiyebonyeza Kengele

Mwalimu hakubonyeza kengele ya mlango wa mtu hata siku moja. Mimi nilikaa ghorofa ya nne kule Greenbelt, Amerika, na pale chini mlangoni palikuwa na kidude chenye namba ambacho hata mtoto wa kutambaa angekibonyeza. Yeye alisimama nje kwenye majani, mikono nyuma, akaita, "Hodi." Wala hakuita kwa kelele. Alikuwa na sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Akangoja kidogo, akaita tena, "Hodi." Nawaambia angeweza kungoja mpaka majira yabadilike. Siku moja ya theluji nilishuka kutupa taka nikamkuta amepiga hodi mpaka ameota ndevu nyeupe, na asubuhi ile alikuwa amenyoa.

"Mwalimu, si ungebonyeza tu hiyo kitu?"

"Nyumba ina watu," akasema. "Na watu wana masikio."

Tukadhani ni ukaidi wa wazee. Nilikaa na dhana hiyo miaka mitano.

Alizaliwa wapi na akina nani, hayo waulizeni wenye ukoo wake huko kusini mwa Tanzania. Mimi nilimpata akiwa tayari ameshakuwa Mwalimu, mvi kichwani na koti la kahawia ambalo nadhani lilikuja Amerika kabla yake. Kila Jumanne na Alhamisi jioni, chini ya kanisa moja mtaa wa Shaw, alitufundisha sisi watu wazima tuliotaka kufanya mtihani wa kumaliza sekondari. Hakuna aliyemtuma. Chumba chenyewe kilikuwa na mabomba ya joto yanayokohoa kuliko wanafunzi. Mimi nilitoka kuegesha magari ya watu Arlington, nikafika miguu imekufa na kichwa kimelala. Mama Beatrisi, Mkongo wa Lubumbashi, alitufikia kabla ya kwenda kusafisha maofisi. Wengine walikuja wakaondoka, lakini sisi wawili tulishika viti vya mbele kama wenye nyumba.

Siku yangu ya kwanza niliingia na mdomo wangu wa Machakos. "Sasa, Mwalimu."

Akatazama saa yake. "Sasa ni saa moja na dakika nne. Salamu yangu iko wapi?"

Sisi Wakenya wa bara shikamoo tunaisikia redioni. Nikamwambia shikamoo huku naona aibu, darasa zima likanitazama, naye akajibu marahaba kwa upole kama kwamba nimempa zawadi. Toka siku hiyo sikukosea tena.

Sasa, kitabu chetu cha kusomea. Wengine walikuwa na vitabu vya mtihani vyenye picha za rangi. Mwalimu alikuwa na kijitabu cha kurasa arobaini, jalada limeshonwa kwa uzi wa kushonea vidonda, kwa kuwa binti yake alikuwa nesi na ndiye aliyekitibu. Kilikuwa historia ya parokia ya kijiji kimoja cha Uingereza. Jina la kijiji silitaji, ulimi wangu utateguka. Kilikuwa na nyumba kumi na moja, kanisa moja, kisima kimoja. Kiliandikwa na padri wa hapo zamani za vita, na kwa njia za wamisionari kikafika shuleni kwa Mwalimu alipokuwa kijana. Shule ile ilikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, na hicho. Basi Kiingereza walikisomea humo. Wenzetu walisoma habari za wafalme na mito, Mwalimu akasoma habari za mtu aliyefuga nyuki ndani ya mnara wa kanisa, mpaka siku ya arusi moja bibi arusi akakimbia na nyuki wote wakamfuata.

Alikijua kijiji kile nyumba kwa nyumba. Alijua familia mbili zilizogombania benchi la kanisani kwa vizazi vitatu, na benchi lenyewe lilikuwa bovu. Alijua bibi aliyepiga kinanda miaka hamsini na wimbo mmoja akaukataa katakata, bila kusema kwa nini. Alivitumia vyote kutufundishia. Mnara ukiinama kiasi hiki kila miaka kumi, baada ya miaka mia mbili utakuwa umeinama kiasi gani? Ng'ombe akitumbukia kisimani, maji yatapanda mpaka wapi?

Mama Beatrisi alichoka mapema. "Mwalimu, kila siku unatuletea ile kijiji ya Waingereza. Wale batu ba mtihani batauliza ng'ombe ya nani iliangukaka mu kisima?"

"Wakiuliza, Mama, utajibu?"

"Ya bibi wa posta," akasema Mama Beatrisi. "Waliitoa na kamba tatu."

Darasa likacheka mpaka mabomba yakanyamaza. Naye Mama, akiwa amenuna, akajikuta anacheka vilevile.

Kitu kimoja tulijua wote: Mwalimu hakuwahi kufika kijiji kile. Hakuwahi hata kukiona kwa picha, kwa maana kijitabu kilikuwa na maandishi matupu. Lakini alipokuwa akitembea kando ya ziwa la Greenbelt kila Jumamosi, alikuwa akizipa nyumba majina ya watu wa huko. Greenbelt aliipenda sana, zile njia za miguu zinazopita chini ya barabara, mtu anatoka kwake mpaka dukani asikutane na gari. "Waliojenga hapa walimfikiria mtu anayekwenda kwa miguu," alisema. Huku akitafuna donati. Alihubiri dhidi ya sukari ya Wamarekani kama nabii, na donati alikula mbili mbili, moja kila mkono, ili, alisema, zisioneane wivu.

Mambo yake mengine hayakukaa pamoja kirahisi. Alisifu utulivu wa kijiji, lakini kwa binti yake televisheni iliwaka toka asubuhi hata kama hakuna anayetazama. Alitukataza kuzidisha maneno, na yeye ndiye aliyesema nyuki wa mnara walikuwa milioni. Hapo nilijua nimepata mwalimu wangu.

Lakini kwa jambo moja hakuwa na mzaha kabisa. Mtu akikosea, aseme palepale. Ukivunja chaki, sema. Ukinakili kwa jirani, sema. "Kosa ni kama uji," alituambia. "Ukiuacha upoe, unashika sufuria." Alisema hivyo mara nyingi kuliko salamu. Nami nikaamini kwamba Mungu alimuumba mtu huyu bila kosa lolote, akamweka hapa Shaw atutie aibu sisi wengine.

Mtihani niliupita. Alama zangu nikisema mia mtanikatalia, basi tuseme tisini. Insha walitutaka tueleze mahali tunapopapenda, nikaandika habari za kijiji cha Uingereza chenye mnara ulioinama, mahali ambapo mimi na mwalimu wangu sote hatujawahi kukanyaga. Nina hakika msahihishaji alilia. Mama Beatrisi naye alipita, akampikia Mwalimu sombe, yaani kisamvu cha kwao, ya kulisha kikosi.

Baadaye nikasoma kompyuta, jioni vilevile, na Jumamosi moja asubuhi nikaona nimfurahishe mzee. Nikampeleka maktaba ya Greenbelt, nikamketisha mbele ya kioo, nikaandika jina la kijiji kwa kunakili herufi moja moja kutoka kwenye jalada. Ukurasa wa parokia ukatokea. Na picha.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kuugusa mnara.

"Umeinamia kushoto," akasema mwishowe. "Siku zote nimeuinamisha kulia."

Chini ya picha palikuwa na tangazo. Parokia ilikuwa inaandaa historia mpya, na mwenye kumbukumbu yoyote anaombwa aandike. Wakatoa na mfano wa yatakayokuwemo. Nikamsomea, nikimfasiria kidogo kwa mbwembwe, mpaka nikafika kwenye aya iliyosema kwamba baada ya vita kijiji kilitoa kengele yake ya kale kwa shule moja ya misheni Afrika, na kwamba, kwa bahati mbaya, kengele hiyo iliharibiwa kwa uzembe wa mlinzi wake kabla haijapigwa hata mara moja.

"Mwalimu, si ndiyo shule yenu? Kumbe mmo kitabuni."

Alikuwa ameshasimama. Akatoka nje taratibu, akasahau kofia yake juu ya kibao cha herufi.

Nilimkuta kwenye benchi kando ya ziwa. Bata walikuwa wakimzunguka, wamezoea donati zake, naye hakuwaona.

"Wataandika tena," akasema. "Mara ya kwanza ilikuwa barua ya padri wa misheni. Sasa itakuwa kitabu."

"Wataandika nini, Mwalimu?"

"Kwamba ni yeye."

Ndipo akanieleza. Kengele ilifika shuleni kwa lori, ndani ya sanduku la mbao, imevikwa mablanketi mawili kama mgeni mwenye homa. Ilikuwa ipigwe kwa mara ya kwanza Jumapili, mbele ya askofu. Mlinzi wa kengele, mzee mmoja mwenye nyumba ndogo palepale misheni, alipewa ufunguo wa stoo. Mwalimu alikuwa na miaka kumi na mitano, msomaji bora wa shule. Alikuwa amesoma habari za kengele hiyo katika kijitabu mpaka anaisikia usingizini. Ijumaa mchana mlinzi alikwenda kula, akaurudishia mlango bila kuufunga. Kijana akaingia na nyundo ya fundi seremala. Akafunua blanketi. Akagonga mara moja tu.

"Nilitaka niwe wa kwanza kuisikia," akasema. "Ikalia kama sufuria. Rangi ikabanduka, nikaona ufa, mwembamba, toka chini mpaka juu. Nikaifunika."

Jumapili askofu alivuta kamba mwenyewe, na kengele ikatoa mlio wa debe. Padri akamwita mlinzi mbele ya watu wote. Mzee akasema, "Sikuiangusha." Akasema hivyo mara tatu. Kijana alikuwa safu ya pili ya kwaya, mdomo wazi, tayari kwa wimbo.

"Nawe ukaimba?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

"Niliimba vizuri sana."

Siku ya pili yake mlinzi alihama misheni. Alipita mbele ya madarasa kitanda kikiwa kichwani, mkewe nyuma na kinu. Akawaona wanafunzi dirishani, akawaambia, "Someni kwa bidii, wajukuu."

"Nami nikasoma," akasema Mwalimu.

Nikawaza mlango wangu wa chini, na Mwalimu kwenye theluji, hagusi kengele.

Akaniomba tuandike barua kabla kitabu hakijachapwa. Aliandika kwanza kwa mkono, kisha mimi nipige kwa mashine. Miaka yote alizipaka insha zangu wino mwekundu mpaka zikaonekana zimechinjwa, na sasa alinipa yake, akasema, "Sahihisha." Nikaisoma. Kurasa nne. Ukurasa wa kwanza salamu. Wa pili sifa za kijiji. Wa tatu akamuulizia bibi wa kinanda, ambaye lazima alikuwa amekufa kabla mimi sijazaliwa. Kengele ilianza ukurasa wa nne, chini.

"Mwalimu," nikamwambia, "uji unapoa."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akacheka, cheko fupi la pua, akachukua kalamu akafuta kurasa tatu. Ikabaki aya moja. Ilisema ni yeye aliyeigonga, siyo mlinzi, na kwamba hawana haki ya kuandika uzembe wa mtu asiyekuwa na kosa. Hakuomba asamehewe. Nikaituma.

Majuma matatu alikuja kila asubuhi. "Hodi." Nikifungua dirisha, anauliza kutoka chini, "Wamejibu?" Nikitikisa kichwa, anakwenda ziwani. Jirani yangu Mmarekani aliniuliza kama yule babu ananidai.

Jibu lilipokuja, maumivu ya goti yalikuwa yamemlaza Mwalimu kwa binti yake. Nilichapa ile barua nikaipeleka mwenyewe. Mjukuu alinifungulia, akanijibu kwa Kiingereza kwamba Babu yuko chumbani na kwamba leo amekataa hata televisheni. Binti yake alikuwa pale, bado na sare za kazini. Alikuwa ameshaambiwa habari yote, nadhani juma lile tuliloandika barua.

"Kaka, soma polepole," akaniambia. "Asije akakurupuka."

Aliyeandika alikuwa mama mmoja mzee wa kanisa. Alisema baada ya kupata barua alikwenda kufungua daftari la zamani la baraza la parokia, lililokaa kabatini bila mtu kulisoma. Humo alikuta kwamba siku vita vilipokwisha vijana wa kijiji walipiga kengele kwa furaha kutwa nzima, ikapasuka. Fundi akawaambia haitalia tena. Baraza likakaa, likaamua ufa ujazwe risasi iliyoyeyushwa na kupakwa rangi nyeusi, na kengele itumwe misheni, mahali ambapo, waliandika, bado yaweza kufaa. Wakakubaliana wasiseme. Mama yule aliandika kwamba baba yake mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Kwamba ameona haya hata kuanza barua hii. Kwamba barua zote mbili zitachapwa.

Nilipomaliza nikangoja. Kweli nilitegemea furaha. Nilikuwa nimeshajiandaa kumpigia makofi.

"Kwa hiyo ilikuja imepasuka," akasema.

"Ilikuja imepasuka, Mwalimu. Hukuivunja. Hakuna aliyeivunja huko kwenu."

"Baba, umesikia?" binti akamwambia. "Miaka yote hii, bure."

Akatazama ukuta. "Si bure. Mzee alihama na kitanda kichwani." Kisha akasema, "Kengele haikuwa kosa langu. Sawa. Lakini mimi sikulijua hilo. Nilijua ni mimi, nikaimba."

Nikarudi kwenye barua.

Mwishoni mwa barua yule mama aliuliza swali moja. Barua ya padri wa misheni ilisema tu mlinzi. Je, alikuwa na jina?

Mwalimu akaniambia nitoe kalamu. Alilitaja jina lile mara moja, akaniambia nimsomee nilivyoandika, herufi kwa herufi, akanirekebisha kwenye herufi moja. Binti yake akaniambia baadaye, tukiwa jikoni, kwamba aliishi na baba yake maisha yake yote na hilo jina hakuwahi kulisikia.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa majira ya kuchipua, siku chache kabla ya safari. Alikuwa anarudi kwao, kusini mwa Tanzania. Binti yake, kwa simu za huku na huku, alikuwa amempata mjukuu wa mlinzi, mwanamke mwenye mashine ya kusaga, si mbali na ile shule.

"Akikufukuza je?" nilimuuliza.

"Atakuwa na haki."

"Na goti?"

"Goti nalo litafukuzwa."

Alikuja kuniaga kwangu. Bila shaka mnajua alivyokuja. Nilikuwa nikiosha vyombo, maji yanakimbia, nikasikia kitu kama mgonjwa anaita mbali. Nikafungua dirisha.

"Mwalimu, sasa si unaweza kubonyeza? Ilikuja imepasuka."

"Mazoea," akasema kutoka chini. "Shuka."

Alikuwa na bahasha iliyotoka Uingereza na ndani yake vitabu viwili vipya, jalada linang'aa, na picha ya mnara, umeinamia kushoto. Kimoja chake, kimoja cha yule mwanamke wa mashine. Kile cha zamani, cha uzi wa vidonda, akanipa mimi. Nikamwambia shikamoo, akajibu marahaba, akaondoka kwa ile njia ya chini ya barabara, na alipoingia kwenye kivuli cha daraja sikumwona tena. Binti yake aliniambia kwamba mwanamke wa mashine hakumfukuza. Alimpa kiti akamwacha akae mpaka mahindi yote ya foleni yakasagwa, ndipo akamuuliza amekuja kusema nini.

Kabla hajanipa mkono siku ile aliniwekea sharti. "Najua utakuja kuandika," alisema, "na najua utazidisha. Usiniweke jina. Na wale wa Uingereza nimewaambia waandike mwanafunzi mmoja, basi." Nimetii. Kuzidisha nimezidisha kidogo, ile theluji haikufika ndevuni. Lakini hili sikuliongeza wala kulipunguza, limo ukurasa wa thelathini na moja, katika historia mpya ya kijiji cha nyumba kumi na moja, na yeyote anaweza kwenda kulisoma: mlinzi wa kengele aliitwa Stefano Namahala.